Sauti Iliyofungiwa Dukani

Jumamosi, 12 Januari 2013

Kidude kimekufa. Basi, nimeshaandika.

Kimekufa kwenye chumba cha kufulia, saa nne asubuhi, nimekishika mkononi, visikizi masikioni. Mgongo umevimba kama andazi (betri, bila shaka), skrini ikawa nyeupe mara moja, ikazimika. Nimekichomeka chaja. Nimekichomoa. Nimekichomeka tena. Nimekiombea, nimekitukana. Wapi!

Na ndani yake kuna kitabu cha Dagbjartur.

Nikisema kitabu cha mume wangu sina maana alikinunua. Alikiandika yeye na kukisoma yeye: ndege wa Hornstrandir, ile pwani ya kaskazini isiyokaliwa na watu, saa nne na dakika kumi za kusikiliza, pamoja na milio yote aliyoiga kwa mdomo wake. Tulirekodi humu humu ndani mwaka 2008, yeye amejifungia kabatini kati ya makoti ili sauti isivume. Mchapishaji wa Reykjavík akakiuza kwenye Duka moja tu la mtandaoni, lile linalouza na vidude vyake lenyewe, kwa sababu waliahidi kukiweka rafu ya mbele wiki moja. Wiki moja! Vuli ya mwaka ule ule benki zikaanguka, mchapishaji akaanguka nazo, na rekodi asilia sijui ilitupwa jalala gani. Duka likakiondoa kitabu. Tuliokinunua tukabaki nacho, lakini ndani ya vidude na akaunti zetu tu.

Miaka miwili baadaye madaktari wakamtoa Dagbjartur zoloto. Saratani. Alipona, na kila siku namshukuru Mungu. Sauti haikurudi. Anapumulia tundu la shingoni, anaongea kwa kibao cheupe na kalamu. Walimpa kimashine cha kubandika shingoni ili aongee; akakijaribu siku moja, akaandika kwamba anasikika kama friji, akakirudisha hospitali.

Miaka thelathini na mmoja aliwafundisha watoto wa mji huu kuogelea. Sauti yake ilikuwa ikitoka bwawani inanifikia jikoni kwangu shuleni, samaki wako kwenye mafuta. Sasa haipo popote. Video tunazo mbili, na zote yeye ndiye kashika kamera, hasemi neno.

Na sura ya saba, penye ndege aitwaye lóa, mimi nasikika kwa mbali nikipiga kelele: Kahawa! Naye anakatiza kusoma, anasema: Nakuja, Salla. Mchapishaji alitaka kukata. Dagbjartur akakataa katakata.

Salvör ni jina la karatasini. Salla ni la kwake yeye.

Sijamwambia. Hajui hata kwamba huwa nasikiliza. Nimesema nimechelewa kwa sababu ya taulo.

Jumatatu, 14 Januari

Nimekipeleka kwa Kolbeinn, fundi wa redio. Akakifungua kwa bisibisi nyembamba, akanusa, akafanya uso wa daktari. Kimeungua, Salvör. Si betri tu, na ubongo wake.

Nikasema basi niuzie kingine, yaishe. Akacheka! Akanionyesha rafu: vidude vitatu vya makampuni matatu. Vizuri vyote, bei ya kibinadamu, na hakuna hata kimoja kitakachofungua kitabu changu. Kila kampuni na duka lake na kufuli lake. Nikamwuliza, na kile cha Duka lenyewe? Hicho, akasema, hawaniletei. Kisiwa chote hiki hakimo kwenye orodha yao ya nchi.

— Sasa sisi tumo kwenye orodha gani?
— Ya wanaojifanya wako kwingine, akasema, macho juu darini.

Ndiyo. Akaunti tulifungua kwa anwani ya Denmark, chumba cha binti yetu Eyrún alipokuwa akisoma Aarhus. Kila mtu alifanya hivyo. Ukilisikiliza Duka, nusu ya mji wetu wa Ísafjörður inakaa Copenhagen.

Kolbeinn alikasirika kwa niaba yangu, nikampenda bure. Fikiria, alisema, muuza samaki akuambie huyu utamla kwenye sahani yangu tu. Sahani ikivunjika, na samaki basi. Na mwenye sahani bora haruhusiwi kumweka samaki yule, kwa hiyo hata ajitahidi vipi utarudi kwa yule yule. Halafu wanasimama wanasema huu ni ushindani!

Nimeuliza: nifanye nini sasa? Akasema Eyrún anacho kidude kama kile huko Reykjavík, sivyo? Kinaweza kukipakua kitabu upya, mradi tuingie kwenye akaunti. Neno la siri? Sina. Ukilisahau wanatuma jipya kwa barua pepe. Ya chuo cha Aarhus. Iliyofungwa miaka mitatu iliyopita.

Imebaki kuwapigia simu.

Jumatano, 16 Januari

Nimefanya upuuzi. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Nimepiga simu Dukani nikiwa stoo ya jikoni shuleni, kati ya magunia ya viazi, kwa Kidenmark changu cha darasani kilichooza. Akapokea dada mmoja mpole sana. Akaunti ni ya nani? Ya mume wangu, Dagbjartur Oddsson. Akaomba aongee naye mwenyewe, lazima athibitishe kwa sauti.

— Sauti yake ndiyo naitafuta, dada. Imo kwenu.

Nikaeleza. Akasikitika, na nadhani kweli alisikitika, maana alipenga kamasi. Akasema kuna njia: mtu wa familia, mwenye jina lile lile la ukoo, anaweza kuthibitisha. Wewe ni Bibi Oddsson, siyo?

Hapo! Hapo ningesema ndiyo. Neno moja! Lakini mimi niwe Oddsson? Mwana wa kiume wa Oddur? Mdomo ukakataa wenyewe. Nikasema hapana, mimi ni Ketilsdóttir, baba yangu alikuwa Ketill. Akauliza kwa upole kama tumeachana. Nikamwambia tuna miaka thelathini na minane ya ndoa! Mtoto je? Yupo, Dagbjartsdóttir.

— Nyumba moja, watu watatu, majina matatu?
— Huku kwetu wote ndivyo tulivyo.
— Huku wapi?

Na mimi, mjinga niliyelelewa vizuri, nikajibu: Ísafjörður.

Nikasikia anabonyeza-bonyeza. Kisha akasema, bado kwa upole ule ule, kwamba hiyo nchi hawaihudumii, na kwamba itabidi aandike ripoti.

Eyrún nilipomwambia alipiga ukelele mpaka nikamhofia mtoto tumboni. Mama! Kwa nini umesema ukweli? Amebakiza wiki nane ajifungue, nami namletea haya. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alitaka mtoto amsikie babu yake. Alikuwa amepanga amsikilizishe kila siku. Hakuwahi kuniambia.

Kumbe tulikuwa wawili tunaoitaka sauti ile kwa siri.

Ijumaa, 25 Januari

Jua limerudi! Wiki tisa nyuma ya mlima, leo limechungulia dakika chache, watu wamesimama barabarani wanakodoa macho. Na mwaka huu limeangukia siku ya waume, ambapo kila mke humpikia mumewe anachopenda. Nimemkaangia Dagbjartur chapati za maji, nyembamba anavyopenda, jamu ya beri na krimu. Amekula tisa. Nimehesabu.

Ya kumi ikiwa mkononi, akavuta kibao. Kaandika: Kidude kilikufa lini?

Chapati nusura inipalie. Nikasema, tarehe kumi na mbili, umejuaje? Kaandika kwamba kila Jumamosi mashine ya kukaushia inanguruma na hakuna nguo ndani. Miaka miwili hii, ila Jumamosi iliyopita haikunguruma. Na kwamba umeme si bure, mke wangu.

Nikacheka, kisha kicheko kikageuka, nikalia pale pale mezani mbele ya chapati. Aliniacha nilie. Akafuta, akaandika: Kwani huyo wa kwenye kidude ana nini nisicho nacho?

Alikuwa akitania. Uso ulikuwa wa utani. Lakini nimeolewa naye muda mrefu, najua pale jicho la kushoto linapoacha kutania. Ningeweza kumjibu kwa mzaha. Nikamjibu kweli.

— Yeye ananiita jina langu.

Dagbjartur akakitazama kibao. Akakifuta kwa mkono wa sweta, taratibu, mpaka pembeni. Akaandika SALLA, herufi kubwa, kibao kizima, hakuna nafasi hata ya nukta. Akainuka, akakibandika kwenye mlango wa friji.

Nampenda huyu mtu. Sijui nimwandikie nani haya, lakini nampenda.

Jumamosi, 26 Januari

Kibao bado kipo kwenye friji. Hataki kifutwe. Kwa hiyo leo hajaongea kabisa. Ameomba chumvi kwa vidole, na jirani alipokuja kuuliza habari ya koleo la theluji, wameelewana kwa kunyoosheana mikono kama mabubu wawili.

Nimemnunulia kibao kingine.

Jumanne, 29 Januari

Barua ya Duka imefika kwa Eyrún, kanisomea kwa simu. Wanatushukuru kwa kuwa wateja. Anwani iliyoandikwa si ya kweli, kwa hiyo akaunti imefungwa na vilivyomo havitapatikana tena. Wanatutakia siku njema.

Nilikuwa nakata kabichi. Nimekata kabichi ya watoto mia mbili kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo.

Hawakuiba, najua. Hawakudanganya, tuliodanganya ni sisi. Ila sikuwa na mlango mwingine! Kungekuwa na maduka mawili, matatu, ningekwenda la pili. Kingekuwa kitabu cha karatasi ningekiweka chini ya mto. Nilidhani nimenunua. Kumbe nilikuwa nimekaribishwa tu, na sasa nimetolewa nje.

Dagbjartur kaandika: Acha, Salla. Kimekwenda.

Nimemwambia aache yeye.

Jumamosi, 2 Februari

Eyrún kagundua kitu! Ukurasa wa kitabu bado upo kule Dukani, kitabu ndicho hakipo. Na chini yake kuna neno la mnunuzi, moja tu, la mwaka jana: Nimesikiliza mara kumi na moja. Msomaji apewe salamu zangu. Petrína.

Kuna mtu anacho!

Halafu binti yangu, msomi, ananiambia: lakini Mama, Petrína tu, jina la ukoo hakuna, utampata wapi? Nikamwambia umekaa mno na wageni wewe. Nikafungua kitabu cha simu. Mungu awabariki waliokitengeneza, wakatupanga kwa majina yetu wenyewe: Pétur, Petra, Petrína. Wako kama hamsini nchi nzima, kila mmoja na kazi yake na mtaa wake. Nikaanza na wa karibu.

Wa kwanza, mfumaji, Flateyri: amefariki, mwanawe akanisimulia mazishi yote. Wa pili, mwalimu mstaafu, Þingeyri: hapendi ndege, wanamnyea kwenye gari, na mimi ni nani nampigia wakati wa habari? Wa tatu, Bolungarvík, hapo tu upande wa pili wa mlima: simu inaita, hakuna anayepokea. Wa nne na wa tano, hapana.

Nimerudi kwa Kolbeinn kuuliza: nikimpata, itasaidia nini, si kimefungwa humo humo kidudeni kwake? Kolbeinn akanitazama kama mwanafunzi mzito. Kufuli liko ndani ya kidude, Salvör. Sauti ikishatoka kwenye spika ni hewa. Weka kinasa sauti mbele yake, mnyamaze wote, basi. Akanipa chake, na maikrofoni yenye manyoya. Nilipomwuliza kama inaruhusiwa, akasema hapo masikio yake huwa yanaziba.

Jumatano, 6 Februari

Bolungarvík haipokei. Nimepiga asubuhi na mchana. Dagbjartur anajifanya anasoma gazeti kila ninapopiga. Lakini gazeti ni la jana, na kaligeuza juu chini.

Jumatatu, 11 Februari

Siku ya maandazi, kama kila mwaka kabla ya Kwaresima. Nimeoka mia tatu tangu asubuhi, chokoleti juu, krimu katikati, watoto wamekula mpaka wawili wametapika. Mgongo sina.

Saa nane, mikono ina krimu mpaka viwikoni, nikapiga Bolungarvík kwa mazoea tu. Ikapokelewa!

— Nani wewe unayenipigia kama mdai? Mashine ya simu inasema umepiga mara kumi na nne!

Bibi Petrína. Miaka themanini na saba. Alikuwa amelazwa, kavunja nyonga, karudi jana. Nikamwuliza kuhusu kitabu cha ndege. Loo, sauti ikageuka ya msichana. Kumbe ndiye! Lile neno la Dukani alimtuma mpwa wake aliandike.

— Mwanangu, macho yangu yamekwisha. Yule bwana ndiye ananitoa nje. Kila siku nikishakula mchana ananipeleka Hornstrandir ananirudisha. Hospitalini wiki tatu sikuwa naye, nikadhani nitakufa, si kwa nyonga.

Nikamweleza kwamba na sisi tulikuwa nacho, kikafa. Akanikatiza: Sikiazimishi! Nikasema sikiazimi, Bibi, naomba nije nirekodi hapo hapo mbele yako, wewe ukiwa umekishika. Akafikiri. Akauliza naleta nini cha kunywea kahawa. Nikasema maandazi. Akasema Jumapili, na nisije na watu wengi, anavaa gauni la kulalia mpaka saa sita.

Ya kwamba msomaji ni mume wangu, sikumwambia. Sijui kwa nini. Nilitaka kwanza nimwulize mwenyewe.

Alhamisi, 14 Februari

Tumegombana. Kwa kibao ugomvi unachukua muda, maana unangoja mtu amalize kuandika ndipo ukasirike.

Anakuja Jumapili, lakini kama dereva. Nisimwambie bibi yeye ni nani. Nikasema, we Dagbjartur, mwanamke kakusikiliza miaka, kakutumia salamu, utakwenda kukaa mbele yake kama mtu wa teksi? Kaandika kwamba yule bibi ana msomaji mzima. Akijua, kila akimsikia atakuwa anaona shingo yenye tundu. Abaki naye mzima. Angalau mtu mmoja.

Nikasema hana macho, ataonaje? Akafuta hata yale aliyokwisha kuandika.

Angalau mtu mmoja. Nimelifikiria neno hilo tangu mchana. Mimi niliyejificha na mashine ya nguo miaka miwili nilikuwa nikimwambia nini, jamani, kila Jumamosi?

Jumapili, 17 Februari

Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu inakwaruza. Tuko kwa Bibi Petrína, sebuleni. Kinasa sauti kinazunguka, taa yake nyekundu inawaka. Hairuhusiwi kuongea wala kukohoa. Daftari ndicho kitu pekee ninachoweza kukisemesha.

Tumefika saa sita na nusu. Bibi mdogo kama mtoto wa darasa la nne, shali tatu, miwani myeusi, fimbo anayoielekeza kwa watu. Kidude chake kipo juu ya meza, juu ya kitambaa alichofuma, waya wa chaja umefungwa na plasta. Hakijawahi kuchomolewa tangu akinunue, anasema, na atakayekichomoa ataionja fimbo. Nimemtambulisha Dagbjartur: huyu ni dereva wangu, hawezi kuongea. Akasema afadhali, madereva wote wana maneno mengi.

Alitusimamia kama nahodha. Friji ichomolewe. Saa ya ukutani ikafungiwe bafuni, ndani ya mataulo. Viatu nje. Maandazi yaliwe kwanza, yasije yakaliwa katikati. Alikula matatu.

Sura haziwezi kurukwa, kitufe kimekwisha kwa kubonyezwa. Kwa hiyo ni toka mwanzo, mpaka ya saba, mpaka mwisho.

Kabla hatujawasha, Dagbjartur akaniandikia kwa herufi ndogo: Nitasubiri kwenye gari. Napumua kwa kelele, itaingia kwenye rekodi.

Na ni kweli. Tundu lina sauti yake, kama mtu anapuliza chai. Nyumbani siisikii tena. Pale, katika kimya kile, niliisikia, na nikamwitikia kwa kichwa, ndiyo, nenda. Nilitaka rekodi safi. Niandike hivyo hivyo: nilimtoa mume wangu nje ili nimsikie mume wangu.

Alikuwa ameshashika kitasa. Bibi Petrína akasema: Dereva akae, nje kuna baridi ya kuua. Kama anapumua apumue, na mimi napumua.

Akakaa. Kiti cha mwisho, dirishani.

Sura ya kwanza. Mungu wangu. Sikuwa nimeisikia kwenye spika, kila mara ni visikizi, masikioni mwangu peke yangu. Hapa ikajaa chumba kizima. Ikakaa nasi kwenye makochi. Nilitazama zulia mpaka sura ya pili. Nilipothubutu kumtazama Dagbjartur alikuwa kainamisha kichwa, mikono magotini, anavyokaa kanisani.

Sura ya tatu, bata-bahari. Msomaji aliguna kama bata, Bibi Petrína akatabasamu kabla hajaguna, guno analijua lipo wapi.

Ya nne. Ya tano. Mguu umekufa ganzi.

Sasa ni ya sita. Nimeona kitu, niandike haraka.

Midomo ya Dagbjartur inacheza. Hajui. Anasoma. Maneno yote yumo nayo, sentensi kwa sentensi. Na yule wa kwenye kidude kila akivuta pumzi kabla ya kutaja jina la ndege, na huyu wa dirishani anavuta. Pamoja kabisa. Moja inatoka mezani, moja inatoka shingoni. Sikuwahi kujua kama anavuta pumzi pale. Nimesikia kitabu hiki mara mia nikingoja jina langu tu, pumzi sikuzisikia.

Nimsimamishe? Nikipunga mkono ataona. Rekodi bado haijaharibika sana.

Sipungi.

Bibi Petrína amegeuza uso. Alikuwa amekielekezea kidude sikio tangu saa saba, kama uzi umemfunga. Sasa ameliondoa pale. Ameligeuzia dirishani. Yule wa mezani anasoma, anavuta pumzi, wa dirishani anavuta, na bibi anatikisa kichwa kidogo, mara moja, kama mtu aliyehesabu akapata.

Dagbjartur hajamwona, kafumba macho.

Mkono wa bibi umetoka ndani ya shali. Unapapasa ukingo wa meza, umeipita sahani, umekipita kidude bila kukigusa, umefika mkono wa kochi, unazidi kwenda upande wa Dagbjartur. Nimesogeza kikombe kisianguke. Bado kama shubiri mbili afike.

Sura ya sita imekwisha. Ya saba. Dagbjartur anavuta pumzi, nami naweka penseli chini.